Dafu Ni la Kunywa

Mama mkwe wangu anauza madafu nje ya geti la hospitali, na kila mtu anamwita Makali. Wageni hudhani ni kwa sababu ya panga lake. Sisi wa nyumbani tunajua panga halina hatia. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwake alinitazama juu mpaka chini, akamwuliza mwanawe, "Mzuri. Kuamka asubuhi anajua?" Nimeshamzoea. Akifoka, endelea na kazi yako. Akinyamaza, tafuta pa kujificha.

Mambo yalianza kwa wifi yangu, kitinda mimba wake. Alikesha akiharisha na kutapika, na tulipomfikisha hospitali macho yalikuwa yameingia ndani, kila anachonyweshwa kinarudi. "Dripu zimeisha," akasema muuguzi, kama muuza duka anayezungumzia sukari. Gari la kumhamishia kwingine lilikuwa bovu. Daktari wa zamu, ambaye hunywa dafu pale getini kila mchana, akamvuta mama mkwe pembeni.

"Mama, dafu ambalo halijafunguliwa, ndani ni safi. Watu walishawahi kulitia mshipani walipokosa kila kitu. Lakini sikudanganyi, dafu si dripu. Lina madini yanayoweza kusimamisha moyo. Tukikaa hivi, tunampoteza. Nikimtia, huenda tukampoteza vilevile. Sema wewe."

Makali alikwenda mezani kwake, akachagua dafu changa lisilo na mchubuko, akamletea. Daktari alilisugua kwa spiriti, akalichoma sindano, akalitundika ndani ya mfuko wa neti wa vitunguu. Mama mkwe akakaa kitandani, kiganja juu ya kifua cha mwanawe, akihesabu mapigo yasije yakasimama. Hakula, hakunywa, hakwenda hata chooni mpaka jua likazama. Wifi yangu alipona. Mungu ni mkubwa.

Kama yangeishia hapo, ningekuwa nasimulia habari njema. Lakini mganga mkuu wa hospitali alipoambiwa, hakuuliza dripu zimekwenda wapi. Aliita waandishi wa habari! Akasimama mbele ya kamera, dafu mkononi, tumbo mbele, akatangaza kwamba suluhisho lilikuwa getini kwetu siku zote. Daktari alijaribu kueleza kwamba ile ilikuwa kamari ya mtu aliyekosa njia, akaambiwa asikatishe watu tamaa. Nilikuwepo, na nakiri nilitamani kumrushia kifuu. Kuna watu haya hawakuzaliwa nayo. Haukupita muda, mapokezi wakaanza kuwaambia ndugu wa wagonjwa waje na glavu, pamba na dafu.

Ndipo siku moja akatokea fundi viatu, jirani wa mama mkwe pale getini, amembeba mkewe mgongoni. Mwanamke ameharisha mpaka shingo imelegea.

"Makali, nipe dafu upesi. Wamesema nisipokuwa nalo hawana cha kumtilia."

Nilimgeukia mama mkwe. Alikuwa amenyamaza.

Alilitupa panga chini, akamshika mgonjwa miguu, fundi akamshika mabega. Walipita mapokezi bila salamu, wakapita foleni, wakausukuma mlango wa mganga mkuu na kumlaza yule mwanamke kwenye kochi lake la ngozi. Mimi nyuma yao, nimebeba viatu vya mgonjwa. Harufu ikajaa chumba kizima.

"Huu ni utovu wa adabu!" mganga mkuu akaruka. "Mpelekeni wodini!"

"Wodini kuna nini?" akauliza mama mkwe. "Vitanda anavyo hata kwake."

"Si una madafu wewe? Na binti yako si mzima?"

"Mzima kwa kudra ya Mungu, si kwa akili yako. Dafu ni la kunywa. Huyu mtilie dripu, au afe hapa hapa unamtazama."

Yule bwana alitazama mlangoni. Foleni yote ilikuwa imejazana pale, na hakuna aliyekuwa anatabasamu. Akainua simu, akaongea kwa sauti ya chini. Fundi hajamaliza hata kumfuta mkewe uso, pikipiki ikaingia na boksi zima la dripu.

Daktari akamtundikia mgonjwa. Nikamsikia fundi akishukuru, nikamsikia muuguzi akimnong'oneza mwenzake kwamba boksi limetoka kwenye zahanati ya mganga mkuu mwenyewe, mtaa wa pili. Mama mkwe naye alisikia.

"Mtaa wa pili?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na siku ile ya mwanangu, zahanati hiyo ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, mama. Ina miaka, ila hatukujua kama ina dripu."

Makali, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani kwa mumewe, aliketi sakafuni katikati ya korido, akaanza kuipiga sakafu kwa viganja. "Mtaa wa pili!" alikuwa anapiga kelele. "Kutwa nzima nimeshika moyo wa mwanangu, na dawa iko mtaa wa pili!"