Walipokataa Kunilaza Usingizi

Kabla ya upasuaji nilikuwa na ombi moja tu: nilazwe usingizi mzito, nisijue lolote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Moshono, mtu wa heshima zangu, na kibofu kilikuwa kimeamua kunidhalilisha. Nikisikia bomba linamwaga maji, natoka mbio kwenda chooni, na mara nyingi nachelewa. Ndipo daktari akashauri niwekewe kifaa kidogo chini ya ngozi, juu ya tako, chenye waya wa kutuliza mshipa wa fahamu unaoongoza kibofu.

Daktari wa usingizi alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nilaze kabisa."

"Kabisa haiwezekani, mama. Nitakusinzisha tu. Wala sikupi dawa ya kulegeza misuli, maana mshipa ukiguswa tunataka tuone kidole gumba cha mguu kinajikunja. Halafu wewe mwenyewe utuambie unasikia wapi."

"Nasikia nini?"

"Kama kitu kinagongagonga."

"Wapi?"

Akakohoa kidogo. "Huko huko."

Nikalazwa kifudifudi, mto chini ya tumbo, makalio yameelekea taa. Dawa ilipoingia nikaanza kuelea. Hata sindano ya ganzi niliisikia kwa mbali, kana kwamba anachomwa jirani.

"Mama, unasikia wapi?" akauliza daktari mpasuaji.

"Chini."

"Mguuni?"

"Juu zaidi."

"Mgongoni?"

"Jamani, chini zaidi!"

"Mama, taja mahali penyewe, waya usije ukakaa vibaya."

Hapo aibu iliniisha, au labda ni ile dawa. Nikapataja kwa sauti ya darasani, tena kwa Kimeru, kama tulivyopataja tulipokuwa watoto kule Kikwe.

"Amesema nini?" akauliza mpasuaji.

Nesi, Mmeru mwenzangu, alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Alipojikaza akatafsiri.

"Ndipo penyewe," akasema mpasuaji kwa upole.

"Na kidole kimejikunja!" akapaza sauti daktari wa usingizi, utadhani timu yake imefunga goli.

Kibofu kilitulia. Nilirudi nyumbani na kirimoti cha kuongeza na kupunguza nguvu ya kifaa, na mume wangu akakitazama kwa hofu. Jioni nikamkuta amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Hutazami taarifa ya habari?"

"Naogopa," akasema, mikono mapajani. "Nisije nikatafuta stesheni nikakuzima wewe."

Nikaiwasha mwenyewe.