Mtoto Ndani ya Kitunga cha Viazi

Iko siku moja ambayo bado ninayo kichwani kama ya jana, mwanangu Neema, na nisingekusumbua nayo kama si nilichokiona asubuhi hii. Nilipita mlangoni kwako. Viatu vya chuma vya mtoto vilikuwa vimetundikwa kwenye msumari, na wewe ulikwisha kwenda shambani, mtoto yuko mgongoni. Lakini sasa umerudi, basi kaa hapa umnyonyeshe taratibu, nikusimulie. Mume wako Baraka hapendi habari hii. Mguu ni wake, ni kweli, ila aibu ilikuwa yangu, kwa hiyo nitaisema.

Baraka alipozaliwa, hapa hapa Bihambwe, mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeukia ndani, unyayo unatazama juu, kisigino kimepanda. Sawa kabisa na huyu uliyempakata. Wengine wakasema nilimcheka kilema nilipokuwa na mimba. Mimi nikamfunika. Unajua tunavyobeba watoto huku kwetu, kikwembe, kitambaa cha kubebea, kinafika mpaka vidoleni, na anayekusalimia njiani anaona kichwa tu. Nilikipenda kikwembe kile kuliko dawa. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Mama mkwe wangu, Mama Furaha, alikuja kumwogesha mjukuu wiki ya pili, akauona mguu, na kesho yake akanipeleka hospitali yeye mwenyewe.

Huko tulimkuta bwana mmoja wa kutibu viungo vya watoto, wamama wote wakimwita Papa Kine. Nilidhani mimi ndiye peke yangu duniani. Kumbe benchi lilikuwa limejaa. Kando yangu aliketi mama mmoja wa Buleusa, ametembea msitu wa Walikale siku tatu na binti yake wa miaka saba, aliyekuwa anakanyagia ubavu wa mguu. Walimficha, akaniambia, mpaka ikawa haifichiki tena. Nilimtazama yule binti, nikamkumbatia Baraka.

Papa Kine akatuambia, "Wamama, hii haiko ulozi. Dunia nzima watoto wanazaliwa hivi, hata kwa Wazungu. Tofauti iko moja tu, nani anafika mapema, na nani anavumilia mpaka mwisho."

Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na mfupa wa mtoto ni hivyo hivyo. Kila wiki alikuwa anaunyoosha mguu kidogo kwa vidole vyake, kisha anaufunga plasta inayokauka ikawa ngumu kama jiwe. Nikapanda na kushuka milima hii kwenye mvua, plasta nimeizungushia majani ya ndizi isilowe. Wiki ya saba mguu ukanyooka. Nililia pale pale kwa furaha. Ndipo akampa viatu viwili vilivyounganishwa na chuma, avivae mchana na usiku, nivitoe wakati wa kumwogesha tu.

Sasa sikia kosa langu. Chuma kile hakikubali kikwembe. Ukimweka mtoto mgongoni, miguu haikuzunguki, chuma kinakuchoma mbavu, kitambaa hakifungi. Na mama wa huku anayekwenda shambani bila mtoto mgongoni, watu wanamwuliza kama amemtupa. Basi nikamvua viatu. Nikajiambia ni saa mbili tu za kupalilia maharagwe. Saa mbili zikawa kutwa. Nikirudi, nilimvalisha upesi kabla Mama Furaha hajatoka kwenye ng'ombe, nami nikajiona mjanja.

Mwezi haukuisha, kiatu cha kushoto kikakataa kuingia. Nikasukuma, mtoto akalia, Mama Furaha akaja. Akashika mguu, akaona kisigino kimeanza kupanda tena.

"Ulikuwa unavitosha viatu mguuni?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi sikusikia na guu likawa la mwanangu. Hilo ndilo lililonikata maini.

Hakunitukana. Alisema tu, "Miye nilifikiri uliona ule mutoto wa Buleusa." Nakuambia, afadhali angenichapa.

Tukarudi kwa Papa Kine, plasta tatu nyingine, milima ile ile. Na asubuhi ya kwanza baada ya viatu kurudishwa, nikakaa mlangoni nikinuna, sijui nitalimaje. Ndiyo siku ninayokuambia. Mama Furaha alichukua kitunga chake, akamwaga viazi vyote chini, akatandika kikwembe kilichokunjwa. Akamlaza Baraka humo, kichwa kimeinuka, miguu nje, chuma kimelala juu ya ukingo. Akajitwika mgongoni, akapitisha kamba kwenye kipaji cha uso, kama anavyobeba viazi kila siku ya Mungu.

"Kiazi unabeba vizuri kisivunjike," akasema. "Mutoto ndiye utashindwa?"

Akatangulia njiani. Wanawake waliokuwa wanakwenda soko la Mushaki walicheka mpaka wakatua mizigo. "Mama Furaha, munamuuzisha mujukuu?"

Akawajibu bila kusimama, "Mutoto hapana. Ninauzisha aibu ya muke wa mwanangu. Nani anaitaka?"

Hakuna aliyeitaka. Nilimfuata nyuma nimeinamisha uso, na tulipofika penye ule mteremko nikajikuta nami nacheka. Jioni nilibeba kitunga mimi.

Baraka alivaa viatu vile mchana na usiku miezi mitatu, baadaye usiku tu, mpaka alipotimiza miaka minne. Mengine unayajua. Ulimwona akicheza kwenye harusi yenu, ukaniambia mume wako hachoki. Mimi siku ile nilitazama mguu wa kushoto tu, nikaridhika moyoni mpaka leo.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usimfiche mtoto, na mguu ukinyooka usidhani kazi imekwisha, maana mfupa laini husahau upesi. Mazoea yetu ni mazuri, lakini yanayomdhuru mtoto yageuze, hata kama njia nzima itacheka. Wanaocheka hawatamsaidia kutembea.

Vishushe viatu pale kwenye msumari. Kitunga cha Mama Furaha kiko nyuma ya mlango wangu, kamba nimeifunga mpya leo.

Mungu akupe kipaji kigumu cha kubeba kamba hiyo, na masikio mazito ya kupita sokoni. Na siku huyu atakapocheza harusini kwake, niwe nipo au sipo, tazama miguu yake kwanza, kwa niaba yangu.