Dakika Tatu za Kimya

Mama yangu alikuwa karani wa kituo cha kupokea maziwa huko karibu na Molo. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi kuu ya ushirika huohuo, mjini Nakuru. Kila asubuhi aliandika lita za wakulima kwenye kompyuta yake, nazo zilipitia laini ya simu mpaka kwenye seva yangu. Watu walisema tumebarikiwa. Mimi nilijiona mkubwa tu, kwa kuwa nilikuwa na ufunguo wa chumba cha seva.

Seva yenyewe ilikuwa imechakaa. Ilikuwa na modemu nne za kupokea simu, na vituo vilikuwa tisa. Saa mbili asubuhi makarani wote walipiga kwa pamoja. Wanne waliingia, watano wakaambiwa laini ina shughuli, kisha wakanipigia mimi kunikaripia. Meneja akanipa wiki moja. Nilifunga programu tusizozihitaji, nikaongeza memori niliyoitoa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Haikutosha. Basi nikaweka amri: kituo kikikaa dakika tatu bila kuandika chochote, seva ikikate, laini iende kwa mwingine. Malalamiko yakaisha. Meneja alinisifu mbele ya watu, nikavimba kichwa.

Wiki hiyohiyo mama akaanza kunipigia.

"Hii kitu imenikata tena. Na nilikuwa nimefika mkulima wa arobaini."

"Andika haraka, Mum."

"Si naandika haraka!"

Akikatwa, alianza upya kwa mkulima wa kwanza, maana seva ilihifadhi kazi iliyokamilika tu. Siku nyingine alikatwa mara tatu. Lori la maziwa likawa linachelewa. Meneja akataka kujua nani anatuchelewesha, nikamchapishia orodha ya waliokatwa. Kituo cha mama kilijaza ukurasa mzima. Ningeweza kuuliza kwa nini. Niliona haya, nikaiweka karatasi mezani kwa meneja na kutoka.

Mwezi uliofuata mama akastaafishwa mapema, kwa barua ya shukrani.

Halafu nikatumwa kituoni kurekebisha printa. Karani mpya alipokea maziwa bila kuinua macho, mkono mmoja kwenye mtungi, mwingine kwenye kibodi. Hakuwa amekatwa hata siku moja. Mzee mmoja alisimama mbele yake akingoja kitu, akachoka, akanigeukia mimi.

"Boss, yule mama alienda wapi? Huyu hatusalimii."

Nikaelewa hapohapo. Kwetu humpokei mtu mzima mtungi kabla hujampa mkono. Mama aliacha kibodi, akasimama, akauliza: ng'ombe amezaa? Mguu wa mama watoto umepona? Viazi vimeponea baridi? Salamu ya mzee haikatizwi, na ya wazee wawili waliofuatana haiishi kwa dakika tatu. Nimelelewa ndani ya salamu hizo. Nilizijua kabla sijajua kusoma, na bado niliandika ile tatu bila kumfikiria.

Niliporudi Nakuru niliibadilisha ikawa kumi. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kumimina chai. Hakuna kituo kilicholalamika.

Jumamosi nikaenda kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote njiani. Nilimkuta jikoni akimenya viazi, akanipa mkono, akaniuliza habari za kazi, za nyumba ninayopanga, za kifua changu. Kisha, kabla sijafungua mdomo, akaweka kisu chini.

"Nisamehe, mtoto wangu," akasema. "Nilikuaibisha huko kwa kazi yako. Hizi vidole zangu ni pole sana. Hata wewe ulijaribu."

Nilipaswa kupiga magoti. Nilimtazama, nikaona jinsi anavyoniamini, nikaogopa.

"Usijali, Mum," nikamwambia. "Hayo yameisha."

Alifuta macho kwa kitenge, akaniambia asante. Mwaka uliofuata tulimzika, na mpaka siku hiyo aliamini kwamba mimi ndiye niliyemsamehe.