Mashine Haziwaki bila Gerishon

Ukitaka kumuudhi Gerishon, mwambie kazi yake inaweza kufanywa na mtu mwingine. Hapo utamwona anavua miwani, anaifuta kwa shati, kisha anakutazama kwa huruma, maskini wewe usiyejua kitu. Mtu huyu wa Nyeri ndiye anayezizima na kuziwasha kompyuta kubwa za benki moja hapa Doha, mashine nne za ukubwa wa kabati zinazobeba akaunti za wateja wote. Pale Mesaimeer, kwenye makanisa ya wageni, baada ya ibada ya Ijumaa, wenzake wakishika chai humtania, "Injinia, leo umeziacha na nani?" Naye hucheka kwa raha, maana utani huo anaupenda kuliko chai yenyewe.

Sasa sikia ujanja wake. Mashine hizo zikiwashwa hazijui zianze vipi mpaka zisome vigezo: kumbukumbu igawanywe vipi, diski zipi zifunguliwe, programu gani itangulie. Mtu mwenye nia njema huandika seti moja ya vigezo, mashine zote zikaisoma, na kila moja ikajaza jina lake palipoachwa wazi. Gerishon hakutaka. Kila mashine aliiandikia vigezo vyake, tena akaziagiza zote zikianza kuwaka zisimame kwanza na kuuliza kwenye skrini: nitumie vigezo vipi? Majibu alikaa nayo kichwani. Ni kwa ajili ya usalama, alisema. Usalama wa nani, hakusema.

Basi mwaka huu Daisy, binti yake wa pekee, akapata mchumba. Harusi ikapangwa Nyeri, siku ya Jumamosi, na Gerishon ndiye wa kumshika mkono hadi madhabahuni. Alifurahi jamani! Suti ilikuwa imeshashonwa na fundi mmoja wa Al Mansoura, inang'aa ukutani chumbani kwake. Kumbe Jumamosi hiyo hiyo benki nayo imepanga kuzizima mashine zote na kuziwasha upya.

Nyanchama, dada wa Kisii aliyeajiriwa kumsaidia, aliiona njia mara moja. "Mzee, wewe nenda kwa mtoto," akamwambia. "Niachie niviunganishe hivi vigezo viwe seti moja. Nimejaribu kwenye ile mashine ya majaribio, na imewaka sawa tu bila kuuliza mtu."

Bila kuuliza mtu! Moyo wa Gerishon ulishtuka. Angeweza kusema asante, akafunga begi lake. Lakini alijiona amerudi kutoka harusini, mashine zinanguruma kama kawaida, na hakuna aliyekumbuka kwamba hakuwepo.

Mkutano ulipoitwa na Bwana Fahad, mudir wao, yaani meneja, Nyanchama alieleza mpango wake vizuri na kwa ufupi. Kisha Gerishon akasimama. Mashine hizi si mapacha, alisema. Moja ukiipa vigezo vya nyingine, benki italala. Mambo haya hayafundishwi, mudir, ni ya mtu aliyeishi nazo! Alisema hadi jasho likamtoka, na lazima tumpe haki yake, alisema vizuri mno. Bwana Fahad akaitikia kwa kichwa. "Khalas. Vigezo vibaki kama vilivyo."

Gerishon aliketi akiwa mshindi, na hapo ndipo akaomba likizo yake.

Bwana Fahad akamtazama kama anayesubiri mzaha uishe. "Jumamosi hiyo? Akhi, si wewe umetueleza sasa hivi kwamba bila wewe benki italala?"

Gerishon alifungua mdomo. Yaani akiri mbele ya watu kwamba yule dada angeweza, baada ya maneno yote yale? Wapi! Akaufunga. Nyanchama aliinama akajifanya anatafuta kalamu.

Jumamosi ikafika. Simu aliiacha kwa mlinzi mlangoni, maana chumba cha mashine hakiingizwi simu. Mashine ya kwanza ikasimama na kuuliza, akaijibu. Ya pili ikauliza, akaijibu. Huko Nyeri saa hizo bibi harusi alikuwa anashuka kwenye gari. Zote zikawaka bila kasoro, na Bwana Fahad akampiga bega. "Gerishon, bila wewe tungefanyaje?" Maneno hayo aliyangoja miaka na miaka, na alipoyasikia alitamani kulia.

Alipotoka, simu ililia. Alikuwa Daisy, na nyuma yake vigelegele.

"Baba, tumemaliza salama!"

"Na mkono je? Nani alikushika?"

"Anko Njenga. Usijali kabisa, Baba. Kila kitu kimeenda vizuri, hakuna kilichokwama. Hata pengo hatukulihisi."

Alikuwa anamtuliza tu, mtoto wa watu. Gerishon akasema, "Vizuri, mama, vizuri sana," akaegemea ukuta, na mlinzi akamuuliza kama mashine zimekataa kuwaka.