Machozi ya Baba Kwenye Makaburi ya Wakulima wa Zabibu

Baba yangu alimlilia Mswisi aliyekufa kabla hata babu yake hajazaliwa. Niliona kwa macho yangu.

Mimi ni Bisimwa, naishi Louisville, Marekani. Baba alikuwa mkulima kwetu Kongo, kule Walungu, na kukaa apartimenti kulikuwa kunammaliza. Basi Jumamosi moja nikampeleka kuchuma zabibu ng'ambo ya mto, upande wa Indiana, kwenye vijiji vilivyoanzishwa na Waswisi na Wajerumani. Vizazi vyao bado vinalima palepale.

Sisi walokole, divai hatugusi. Nikamtania: "Papa, pasta akijua tunavuna pombe?"

"Mi navuna matunda. Kuchacha ni mambo yabo."

Alifurahi siku ile, jamani! Hata wimbo aliimba.

Mchana tukapita kwenye makaburi yao, katikati ya mizabibu. Nyasi zimekatwa, maua mabichi. Baba akasimama mbele ya kaburi la aliyefungua shamba lile. Machozi yakamtoka.

"Bisimwa, hawa batu banalala karibu na batoto yabo. Bon, mi siku nitakufa..."

"Ashindwe! Papa, tunavunja hiyo neno mu jina ya Yesu!"

Ndivyo tunavyofanya sisi. Mzee akitaja kifo chake, unamziba mdomo kwa maombi. Baba akafuta uso, akarudi kuchuma.

Baridi ilipoingia, moyo wake ukasimama.

Dada yangu Sandrine akapiga simu kutoka Buffalo. "Papa alikuwa analilia Walungu. Donc lazima arudi kwetu."

Kaka yetu Cubaka, wa Columbus, akakubali. Mimi pia. Nani angebisha?

Jeneza likafika Bujumbura, nchi jirani ya Burundi, vita ikafunga barabara ya kwetu. Tukasubiri weee. Mwishowe Cubaka, aliyemsindikiza, akamzika hukohuko, mji ambao hatuna hata shangazi. Niliumia sana.

Mizabibu ilipochipua, nikarudi shambani. Mzee Walter, mwenye shamba, akauliza baba yuko wapi. Nikamweleza yote.

Akanishika mkono hadi kwenye makaburi, penye nafasi kando ya ukuta.

"Siku ile ulipopeleka ndoo zako, alikuja kwangu. Kiingereza hana. Akaonyesha hapa, akajigusa kifua. Nikaelewa. Nikamwambia ndiyo, ni pako."

Nilikaa chini kwenye nyasi, nikalia hadi sauti ikakauka.

Ndugu zangu, mzazi akianza kuongea juu ya kifo chake, maombi yatasubiri. Mwache amalize. Wangu tulimnyamazisha kwa kumpenda, tukaenda kumlaza mbali na watoto wake wote.