Kiti cha Arusi ya Dada

Munisamehe, wasomaji. Niliishia shule ya msingi, mkono wangu ni mzito, na herufi zangu zinaegemeana kama nyumba za kwetu Cimpunda. Lakini nataka kuwaeleza filamu za zamani za Amerika, zile za kuchekesha ambazo watu wanaimba ndani. Si zile zinazojulikana. Tonton anayetuuzia filamu sokoni huziweka bure, kujaza nafasi iliyobaki kwenye flashi.

Nazipenda kwa sababu ndani yake hakuna anayeshangaa. Watu wanagombana juu ya bei ya kofia, ghafla wanaimba. Muuza samaki anaimba, polisi anaitikia, kisha kila mtu anarudi kwa kazi yake. Ninayoipenda zaidi ni ya mhudumu wa hoteli mwenye haya. Hawezi kumwambia msichana neno, basi anacheza na kiti: anakiinamia, anakizunguka, anakivulia kofia.

Dada yangu alipokaribia kuolewa, akanichagua niongoze kortege, yaani vijana wanaoingia sale, ukumbi wa sherehe, wakicheza mbele ya maarusi. Mimi, ambaye hata kununua mkate naona haya! Niliogopa kumwaibisha mbele ya wakwe. Nikaanza kujifunza na kiti cha jikoni.

"Unafanya nini na ile kiti?" mama akauliza.

"Najifunza, maman."

"Basi tumpelekee seremala mahari!"

Siku ikafika. Rumba ikalia, macho yote yakanigeukia, miguu ikasahau kila kitu. Pembeni ya njia nikaona kiti kitupu. Nikakiinamia, nikakizunguka, nikakivulia kofia. Sasa, kwetu kortege hufuata anachofanya wa mbele. Wenzangu wakadhani ni mtindo mpya, nao wakakiinamia, wawili wawili.

Baba mkwe akasimama. "Iko ya mukubwa gani ile kiti?"

"Hatujui, papa," jirani yake akajibu.

"Hata kama." Akainama naye.

Dada, ambaye alikuwa anatetemeka tangu asubuhi, akacheka mpaka shela likaanguka. Akaingia akicheza, bila kutetemeka tena.

Tangu siku ile wananiita kuongoza kortege. Mbili zinaningoja, na wote wameshaona kiti. Kwa hiyo nawaomba: anayejua filamu nyingine ya namna hii, ambayo mtu anacheza na kitu kingine, aniandikie. Kisiwe kizito.