Kidonge Kisicho na Mfuo

Enzi za kiwanda cha chuma mtu alikwenda kwenye dirisha la dawa, akataja jina lake tu akapewa. Siku hizi anatajiwa kwanza sehemu yake ya kulipa, ile isiyolipwa na bima, tena kwa sauti, na waliopanga foleni nyuma yake wanasikia.

Emil Hruska alitajiwa yake mwezi wa Januari: dola arobaini na tano. Mwezi uliotangulia zilikuwa kumi. Kampuni ya bima ilikuwa imekihamishia kidonge chake cha presha kwenye kundi la dawa ghali. Emil, aliyesimama mbele ya tanuru miaka thelathini na moja katika mji mmoja wa mtoni, jimbo la Ohio, Marekani, alilipa bila kuguna.

Nje alimkuta Delmar Fogle, mwenzake wa zamu moja tangu ujana, anatafuna tumbaku.

"Mbona umenuna, mzee? Wamekukamua?"

"Na wewe watakukamua."

"Mimi? Mwezi huu silipi kitu. Nilimlilia Daktari Rao, nikamwambia, 'Mama, sina.' Akafungua kabati, akanipa sampuli za bure. Zilipoisha akaniandikia vidonge vya nguvu maradufu, bei ileile, nikate nusu. Vya mwezi mmoja nakula miezi miwili!" Akatema mate pembeni. "We endelea kununa, uone kama kununa kunashusha presha."

Emil alitembea hadi nyumbani. Daktari Rao alikuwa daktari wake pia, miaka kumi na mmoja. Kila alipoulizwa hali alijibu "Sijambo, Daktari," akidhani hiyo ndiyo heshima. Kumbe kabati lilikuwa likifunguliwa, na si kwa ajili yake.

"Na wewe si umwambie?" alisema mkewe, Irma. "Mdomo unalipiwa kodi?"

"Mimi si ombaomba."

"Delmar naye si ombaomba. Delmar ana mdomo."

"Basi ungeolewa naye."

"Alikuwa wa kwanza kuniposa. Ila wewe ulikuwa na gari."

Irma alicheka. Emil hakucheka. Asubuhi yake alichukua kisu cha mkate, akakata kidonge chake katikati.

Vya Delmar vilikuwa na mfuo katikati, vimetengenezwa vikatwe. Cha Emil hakikuwa na mfuo. Kilikuwa na gamba gumu, na kazi ya gamba lile ilikuwa kuachia dawa polepole kutwa nzima. Kikikatwa, dawa yote humwagika kwa mkupuo asubuhi, na alasiri mwili hauna kitu. Emil hakulijua hilo, na hakumwuliza mtu.

Alipokwenda kupimwa, alasiri, presha ilikuwa juu.

"Dawa unakunywa kila siku, Bwana Hruska?"

"Kila siku, Daktari."

Hakusema uongo. Daktari naye hakuuliza zaidi. Aliona dawa imeshindwa, akaandika yenye nguvu zaidi. Emil akaikata nayo. Mficha maradhi kilio humuumbua: siku ya tatu asubuhi, yeye na wenzake wakipanga meza kwenye ukumbi wa kanisa, alisimama, presha ikaporomoka, ukumbi ukazunguka, akaanguka chali. Delmar ndiye aliyemnyanyua, akamkimbiza kliniki kwa gari lake.

"Nani alikuambia ukate hivi?" Daktari Rao aliuliza. Alikuwa ameshika kichupa cha Emil, ndani nusu nusu za vidonge.

Delmar alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kofia ya Emil. Daktari alikuwa amemkaribisha kwa jina lake la kwanza. Delmar! Na Emil, miaka kumi na mmoja, bado Bwana Hruska.

"Huyo," Emil alisema. "Ndiye aliyenifundisha."

"Mimi? We Emil, mimi nilikuambia ukate chako?"

Emil aliangalia ukuta.

Daktari aliingiwa na woga wa kushtakiwa. Tangu wiki ile hakumwandikia mgonjwa yeyote kidonge cha kukata, na kabati la sampuli likatiwa kufuli. Emil alipewa dawa ya zamani, ya bei ndogo, ambayo angepewa tangu Januari laiti angefungua kinywa. Delmar akaanza kulipa kila mwezi, kamili. Mbele ya tanuru, mmoja akiungua wote walipiga kelele. Sasa kila mtu na kadi yake ya bima, kila kadi na bei yake, na kijicho kimepata pa kushika.

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku ya samaki wa kukaanga pale ukumbini, Emil alipowaona Delmar na mkewe June kwa mara ya mwisho, kabla hawajahamia kwa binti yao, Tennessee, mwezi wa Mei. Walipita na sahani zao.

"Delmar, keti nasi," Irma alisema.

"Asante, Irma. Mezani kwenu mtu anaweza kusingiziwa mwiba."

Wakakaa karibu na mlango, wakawapa mgongo. Emil aliinuka kama anayetaka kuwafuata, akakaa tena. Wale wawili walikula upesi. June alimfunga mumewe vifungo vya koti, kimoja kimoja, wakatoka.